Matuta ya Mama Skolastika

Habari za kifo cha mama mkwe wangu zilinikuta nafua nepi za mtoto wangu wa tatu. Deo, mume wangu, alisimama mlangoni bila kuvua kofia, akasema, "Mama amefia Mtowisa. Jana." Basi. Sikulia. Nilizikamua nepi zote, nikazianika, ndipo nikakaa chini. Kufika jioni nyumba yetu hapa Sumbawanga mjini ilikuwa imejaa wanawake wa jumuiya, wamekaa mikekani na kanga viunoni, na mmoja wao, mama mwema asiyenijua vizuri, akanishika mkono akasema, "Mshukuru Mungu, mama Yustina. Angalau mwenzetu alitubu mapema. Wangapi wanaondoka na uchawi wao?" Wenzake wakaitikia amina. Niliwaambia watoke. Nilisema, "Tokeni nyumbani kwangu, na chai yenu mwende nayo." Deo akanishika bega, nikautoa mkono wake. Mpaka leo wanasema msiba ulinipanda kichwani. Haukunipanda. Kilichonipanda ni ile amina, kwa sababu haikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia juu ya mwanamke yule, na mara ya kwanza niliisababisha mimi kwa mdomo wangu.

Nina miaka ishirini na saba. Mwaka ninaousema nilikuwa na kumi na tisa. Nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani, hayo hayahusiki. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina cheti kisichonipeleka popote na mimba iliyonipeleka kwa Deo, kijijini kwao, njia ya kwenda Mpui. Yustina alikuwa na miezi miwili. Tulikuwa na chumba chetu, lakini maisha yote yalikuwa jikoni kwa mama yake Deo, kibanda cha udongo chenye dari ya matete juu ya moto, na juu ya matete yale mahindi ya mbegu yaliyokaushwa na moshi mpaka yakawa meusi kama meno ya mvuta tumbaku. Upepo wa Ufipa mnaujua. Unaingia hata pasipo na tundu. Jikoni kwake haukuingia. Mama Skolastika alikuwa mjane mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili, rozari shingoni, na maneno machache. Alinisongea ugali wa ulezi kila siku tangu nilipojifungua, na maharage, na dagaa wa Kirando siku za gulio. Nikisema nimeshiba alikuwa ananijibu kwa Kifipa, "Sikukuuliza wewe. Namlisha aliye mgongoni." Kiswahili alikielewa lakini alikuwa mvivu wa kukisema. Alisema ni lugha ya ofisini na yeye hana kesi.

Ulikuwa mwaka mgumu, ingawa wakubwa redioni walikuwa wanauita mwaka wa uhuru wa biashara. Zamani lori la ushirika lilikuwa linaleta mbolea ya chumvichumvi kwa mkopo na kuchukua mahindi. Ushirika ukafa. Ghala likabaki na kufuli na bundi. Mbolea ikahamia madukani mjini, kwa bei ambayo mkulima akiitajiwa anacheka, maana kulia ni aibu. Kwa hiyo mwezi wa pili ule, mvua ikiwa imeshiba na majani yamefika kiunoni, watu walikuwa wamekubaliana kurudi kwenye ntumba. Asiyetoka kwetu nimweleze: unakata majani, unayakusanya kwa mviringo, unayafukia kwa mabonge ya udongo yaliyogeuzwa, shamba zima linajaa vilima vya mduara. Juu unapanda maharage. Majani yanaoza humo ndani mpaka mvua ya mwaka unaofuata, ndipo unavisambaza vilima na kupanda ulezi au mahindi. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na inataka uvumilivu wa mwaka mzima, lakini haina bei. Bibi zetu walikula kwa njia hiyo kabla ya kiwanda chochote cha mbolea. Vijana waliozoea chumvichumvi walikuwa wameisahau, na nakumbuka mama Skolastika akiwafundisha majirani njiani, akichora duara kwa ncha ya jembe na kuwatukana kwa upendo.

Kanisa la Turubai liliingia kijijini katikati ya kazi hiyo. Lilikuwa na jina refu, lakini sisi tuliliita Turubai kwa sababu ndilo lililokuwa paa lake. Mchungaji alitoka mjini, kijana mwenye tai na viatu vilivyong'aa hata kwenye tope, akiwa na spika mbili na betri ya gari. Kwetu ni nchi ya Wakatoliki. Kigango kilikuwa mbali na katekista alikuwa mzee anayesinzia kabla ya wasikilizaji wake. Kwa Turubai watu walikuwa wanaruka. Kisha mchungaji akauliza nani anajua kusoma vizuri na anajua Kifipa, Deo akaninyanyua mkono kama refa anavyomnyanyua bondia. Nikawa mkalimani. Watu wengi walikielewa Kiswahili, lakini mhubiri mwenye mkalimani ni mkubwa kuliko asiye naye. Akiruka, naruka. Akinong'ona, nanong'ona. Akilia, nalia, machozi ya kweli. Nilipenda. Hili ndilo linalonichoma hata leo: nilipenda mno. Nilikuwa nimefeli kila mlango, na hapa palikuwa na mahali ambapo elimu yangu ya kidato cha nne ilifanya watu mia wakae kimya.

Jumapili moja ya mwezi huo akaanza hivi: "Nikija hapa kwenu, njiani naona makaburi." Nikatafsiri, makaburi. "Makaburi kila shamba. Nikamwuliza Bwana, watu hawa wanamzika nani? Bwana akaniambia, wanazika baraka zao." Watu wakaguna. Alikuwa anasema ntumba. Akanisomesha pale kwenye kitabu cha Yoshua ambapo Waisraeli wanakumbushwa kwamba wanakula mizabibu ambayo hawakuipanda. Akasema mwaka huu ni mwaka wa kula usichopanda. Akasema Mungu ameshamtia mafuta mtu wa kutuletea mbolea, hatamtaja jina, mwenye masikio amesikia. Kofia za mtu huyo asiyetajwa zilikuwa tayari vichwani mwa nusu ya wanakwaya. Huo ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, kura ikingojwa mwezi wa kumi, na mgombea alikuwa ameahidi kanisa mabati. Deo aliniambia hilo kwa siri, akifurahi. "Anayechimba tuta," mchungaji alimaliza, akikunja mkono kama ameshika jembe, "anamwambia Mungu: sikuamini." Nikakunja mkono wangu vilevile. Nikalisema kwa Kifipa, tena nikaliongezea chumvi, nikawaambia wazee wangu kwamba kila jembe wanalonyanyua ni kofi kwenye uso wa Mungu. Yeye hakusema kofi. Kofi lilikuwa langu.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama Skolastika anatoka na jembe begani, siku ya Bwana, baada ya kusali rozari yake.

"Mama, mchungaji amesema tuache matuta."

"Kwa hiyo majani yamekuwa dhambi?"

"Siyo majani, mama. Ni kukosa imani."

"Majani aliyaotesha nani?"

"Mungu."

"Basi mimi nayafukia ya Mungu. Mshike mtoto wako, analia."

Deo akatoka chumbani kifua mbele. Alikuwa amefanywa katibu wa kanisa na wakala wa mgombea, vyote kwa wiki moja, na kalamu mbili mfukoni. "Mama, unaniaibisha. Watu watasema nini, mama wa katibu hana imani?" Mama akamtazama, akasema, "Wewe ni katibu, mimi ni mkulima. Tusiingiliane ofisi." Akaenda. Wiki ile mashamba yote upande wetu yalinyamaza. Majembe yalipumzika mwezi wa pili, kitu ambacho bibi yeyote wa Kifipa angekiona kama kumwacha ng'ombe mwenye maziwa bila kumkamua. Shamba letu mimi na Deo tuliliacha majani yajikaukie yenyewe, kwa imani. Lake peke yake lilijaa vilima vya duara, mstari kwa mstari, na maharage yake yalichanua maua juu ya yale yaliyoitwa makaburi.

Miezi ya kampeni sina hamu ya kuieleza sana. Nilisomeshwa ile ya Paulo kwa Warumi, watu wawatii wenye mamlaka kwa kuwa mamlaka yametoka kwa Mungu. Hakuna aliyeuliza ikiwa mtu anayeomba kura ni mamlaka tayari. Mimi mwenye cheti sikuuliza. Nilisomeshwa na ile ya Samweli anaposema uasi ni sawa na uchawi, na mchungaji akaifungia kazi: anayepinga mtiwa mafuta ni mwasi, na mwasi ni mchawi. Nimeirudia sura ile baadaye, peke yangu, nikiwa nimekasirika vya kutosha kusoma vizuri. Samweli alikuwa anamwambia mfalme. Mfalme! Neno lililotupwa usoni mwa mtawala, sisi tulilichukua tukaenda kumpigia mkulima. Mgombea mwenyewe alikuja mara moja, kwa gari lenye vioo vyeusi, akapiga magoti chini ya turubai, na kwa kuwa mafuta matakatifu yalikuwa yamekwisha alipakwa ya alizeti kutoka jikoni kwa jirani yetu, mama Kalista. Yalimtiririka mpaka kwenye kola. Mama Kalista alitamba mwezi mzima: "Mbunge wenu mimi ndiye niliyemkaanga." Siku ya kura mama Skolastika alivaa vitenge vyake vya Pasaka, akaenda, akarudi. Deo akamwuliza amempa nani. Akasema, "Nilimpa yule niliyempa. Hata padri hajawahi kuniuliza."

Mgombea alishinda. Mabati yakaja, turubai likashushwa, tukaimba. Mbolea haikuja. Mvua zilianza mwezi wa kumi na moja na mchungaji akasema iko njiani, ombeni, msipande kwa haraka mkaonyesha wasiwasi. Watu wakangoja. Kila gari lililopanda mlima watu walitoka nje. Walipochoka wakapanda, wamechelewa wiki tatu nne, kwenye udongo usio na majani wala chumvichumvi. Kufika mwezi wa pili mahindi yetu yalikuwa na rangi ya mgonjwa wa manjano, yamefika magotini, yanataka kutoa mbelewele kwa aibu. Nilikuwa napita katikati yake na Yustina mgongoni, ninaukanyaga ukaidi wetu. Na ng'ambo ya njia, ambako mama Skolastika alikuwa amevisambaza vilima vyake na kupanda siku ya mvua ya kwanza, ulezi ulisimama wa kijani mzito, karibu mweusi, na mahindi pembeni yanamfunika yeye mwenyewe akipita.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema, tumekosea. Watu wale si wajinga. Wengi wanajua udongo kuliko mtu yeyote aliyesomea. Lakini kukiri kwamba umemwacha mwanao na njaa kwa sababu ya hotuba ni kitu kizito, na mchungaji akatupa kitu chepesi. Alihubiri Jumapili tatu mfululizo juu ya Akani, yule mtu mmoja aliyeficha vitu vilivyokatazwa hemani mwake na Israeli nzima ikashindwa vita kwa ajili yake. "Kuna Akani kambini," alisema. Hakutaja jina, alikuwa na kipaji cha kutokutaja. Nikatafsiri mara tatu. Bibi zetu walimjua kamchape, mtu aliyekuwa akipita vijijini kuwafichua wachawi na kuwanywesha dawa. Huyu alikuwa kamchape mwenye tai, na mimi nilikuwa kibuyu chake.

Kisimani nikamkuta mama Kalista na wenzake wawili. "Mama Yustina," akasema, "mkweo anayalisha nini mahindi yake, mbona yamenenepa kama ng'ombe wa Wasukuma?"

"Alichimba matuta," nikasema.

"Matuta! Mama zetu si walichimba? Nani alipata ulezi wa namna ile?"

"Mwaka huu kavuta," mwingine akasema. "Yetu yanakwenda kule. Si unaona njia ni moja tu katikati?"

"Ehe, yanavuka barabara yenyewe," mama Kalista akasema, "yakiangalia magari kushoto na kulia." Wakacheka. Na mimi nikacheka. Mama Kalista mwenyewe alikuwa amechorewa duara na ncha ya jembe la mama Skolastika mwaka uliopita, nami nilikuwepo nikiona. Ningesema sentensi moja tu. Nilijitwisha ndoo nikaondoka.

Walimleta mama Skolastika kanisani Jumapili, saa nne asubuhi, vijana sita wa maombi. Walikuwa wameshabomoa nusu ya paa la jiko lake. Majani yalikuwa kwenye nywele zake. Mmoja alishika rozari yake kwa ncha ya fimbo, kama mtu aliyeua nyoka. Mwingine alikuwa na galoni ya mafuta ya taa, akaiweka chini mlangoni, pale kila mtu aone. Kanisa lilijaa mpaka nje. Deo alikuwa mbele na daftari lake, amekaa, anaangalia daftari. Mchungaji akasema, "Mama, hata mji wenu, Sumbawanga, jina lake linawaambia mtupe uchawi. Tupa leo. Tubu, uwe huru. Ukikataa, siwezi kuwazuia watu hawa, wana njaa." Akanigeukia. Na mimi, mbele ya mwanamke aliyenilisha nikiwa na kidonda cha uzazi, nikatafsiri. Kila neno, mpaka lile la njaa.

Alijibu kwa Kifipa, wala hakupaza sauti. Alisema: "Mwambieni huyu kijana sina cha kutupa. Nina jembe na mgongo unaouma. Majani yalikuwa ya kila mtu, aliyeyakataza ni yeye. Akitaka kuujua uchawi wangu, bado mvua ipo, aje na jembe lake nimfundishe."

Watu wote mle ndani walimsikia. Nataka hili lieleweke. Kifipa ni lugha yao ya kuzaliwa, hakuna hata mmoja ambaye neno lilimpita. Asiyeelewa alikuwa mmoja tu, naye aliuliza, "Anasemaje?" Niliitazama galoni mlangoni. Nilimtazama Deo, akafungua ukurasa mwingine usio na kitu. Nikasema, "Anasema ametubu. Anaomba msamaha." Nilingoja mtu mmoja aseme, mwongo wewe, hakusema hivyo. Hata kwa hasira. Hata yule mwenye galoni. Kisha mama Kalista, aliyekuwa mstari wa pili, akasema kwa sauti ndogo, "Amina." Na kanisa zima likaitikia, amina, kwa pumzi moja, kama watu waliotua mzigo. Mama Skolastika aligeuza kichwa akanitazama. Kiswahili alikielewa, nimeshasema.

Nimesikia wanaosema nilimwokoa. Deo ndiye anayelisema zaidi. Inawezekana, galoni haikufunguliwa. Lakini ningeweza kumwokoa miezi kumi na nne kabla, kwa kukataa kukunja mkono wangu kama mshika jembe. Ningeweza kumwokoa kisimani kwa sentensi. Yule Nabothi wa kwenye Wafalme, aliyesingiziwa katika mkutano wa kufunga na kuomba ili shamba lake lichukuliwe, habari yake imo mle mle katika kitabu nilichokuwa nimekishika kila Jumapili. Mchungaji hakunisomesha habari hiyo hata siku moja, na mimi sikufungua kurasa ambazo sikuambiwa. Leo nikisikia mtu anasema dini isiingizwe kwenye siasa namwambia, ndugu yangu, imo siku nyingi. Swali ni upande wa nani, wa aliyevaa taji au wa mwenye shamba.

Ikaamuliwa kwamba aliyetubu asikae karibu na alipotendea. Wiki ileile akapelekwa bondeni Mtowisa, kwa mdogo wake, mwanamke wa baridi akapelekwa kwenye joto na mbu, na kifurushi kimoja. Alipita mlangoni kwangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa laana, nilikuwa naitaka. Akasimama, akasema kwa Kiswahili, kile alichokuwa mvivu nacho, "Nilikisikia Kiswahili chako. Ni kizuri." Akashuka mlima. Sikumwona tena. Deo alikuwa anakwenda. Mimi kila mara nilikuwa na mtoto mgonjwa.

Mwezi wa tano ulezi wake ukaiva. Kanisa likakutana kujadili, chakula cha mchawi kinalika? Mchungaji akazunguka shamba na kichupa cha mafuta, akaomba kwa muda wa kuchemsha chai, akatangaza kwamba kimetakaswa. Tukavuna wote. Mama Kalista aliimba. Tulipura, tukapepeta, tukagawana kwa vikapu, na kikapu kikubwa kikaenda kwa mchungaji. Sikumwona hata mmoja aliyekataa fungu lake. Langu nililibeba mwenyewe kichwani mpaka nyumbani, nikasaga, nikakoroga uji siku hiyohiyo, maana maziwa yalikuwa yamenikauka kwa njaa na Yustina alikuwa anavuta titi tupu huku analia. Ulikuwa uji mzuri, mzito, wenye harufu ya moshi. Nikanywa vikombe viwili. Maziwa yakarudi.